Wakwe wamesikia nina mtoto upande wa Mpimbwe. Ni kweli, ila ni wa plastiki

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo zenu.

Mimi huwa napita humu kimya kimya. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, naweka like, nalala. Leo nimelazimika kuandika kwa sababu Jumapili hii nina kikao na wakwe watarajiwa hapa Mpanda, na wamepata habari kwamba nina mtoto analelewa upande wa Mpimbwe.

Habari ni ya kweli.

Ila mtoto mwenyewe ni wa plastiki.

Nisomeni mpaka mwisho. Nikiongeza chumvi hata punje, mods wanifungie akaunti.

Nilimaliza form four na ile division ambayo mtu haulizwi mara mbili. Nikawa natengeneza simu pale Kashaulili, meza yangu imepakana na mama muuza dagaa, kwa hiyo simu zilikuwa zinarudi kwa wenyewe zinafanya kazi na zinanukia.

Ndoto yangu toka mdogo ilikuwa kazi ya afya. Sijui hata ilitoka wapi. Nikiona mtu kavaa koti jeupe nampisha njia, hata kama ni wa buchani.

Siku moja akaja dada mmoja na tablet imezima. Anaitwa Dokta Neema, mtafiti, katokea Dar. Nikaiwasha. Akaniuliza, "Kisukuma unajua?"

Nikamwambia mama yangu alikuwa ananifokea kwa Kisukuma tu, Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni.

Wiki iliyofuata nikawa msaidizi wa utafiti, nina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nilikivaa mpaka kwenda kuchota maji.

Sasa utafiti wenyewe uko hivi.

Kuna watoto wanazaliwa hawalii, hawavuti pumzi. Mkunga ana kama dakika moja tu: amfute, amsugue mgongo, akigoma achukue kile kipira cha kubana amsukumie hewa. Haya mambo yanajulikana siku nyingi. Wakunga wanafundishwa kwa mdoli, wanaelewa, na cheti wanapewa.

Shida ni kwamba mikono inasahau. Usipofanya mazoezi, siku ya siku vidole vinakuwa vya mtu mwingine.

Kwa hiyo Dokta Neema hakuwa anatafuta dawa mpya. Alikuwa anatafuta kwa nini kitu kizuri ambacho kila mtu anakijua hakifanyiki. Nikamwambia hiyo hata kwenye ndoa ipo. Akaandika kwenye daftari lake.

Kazi yangu ikawa kupeleka mdoli kwenye zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Kibaoni. Mdoli abaki pale, mkunga ajifunzie kila wiki, mimi niende kila Alhamisi na tablet nijaze kafanya mara ngapi.

Nikaona huu ni mchezo.

Yule mdoli ni saizi ya mtoto mchanga kabisa. Unamjaza maji ili awe na uzito wa mtoto, na shingo inalegea vile vile. Mimi kwa kiherehere nikamjaza nyumbani kabisa, ili nikifika nionekane mtaalamu. Stendi zipu ya begi ikakatika. Nikamfunga kwenye kanga ya mama, nikapanda naye basi.

Tulipoingia pori la Sitalike mbung'o wakaingia na wao. Mama aliyekaa pembeni yangu akavua mtandio wake, akamfunika mdoli uso.

"Mlinde mtoto, baba," akaniambia taratibu. "Mama yake yuko wapi?"

Nikamjibu ukweli. "Hana mama. Ni wa mradi."

Yule mama akatikisa kichwa mpaka Kibaoni. Tukishuka akanishika bega akaniambia Mungu akutie nguvu. Kumbe na yeye anakwenda kijiji kile kile, na boda yake ilikuwa na kasi kuliko yangu.

Nilipofika zahanati, benchi zima la kina mama wa kliniki lilikuwa linanisubiri. Na kwa mitikisiko ya boda mdoli alikuwa ameanza kuvuja, suruali yangu imelowa mpaka magotini.

"Amemkojolea baba yake," mmoja akasema. Wakanipisha nipite.

Bosi wa zahanati tunamwita Mfawidhi. Mtu mwema, ila mwaminifu kupita kipimo. Miaka ya nyuma mzani wa mradi mwingine ulipotea mikononi mwake, akaandikiwa barua. Toka siku ile, kitu chochote chenye stika ya mradi kinaingia kwenye kabati la chuma, na ufunguo anauvaa shingoni pamoja na rozari.

Akampokea mdoli kwa mikono miwili. Akaandika kwenye leja: Mtoto, plastiki, mmoja. Akamlaza kabatini, akafunga.

"Mfawidhi, huyu ni wa kufanyia mazoezi," nikamwambia.

"Najua. Lakini ni mali ya mradi, na mali ya mradi haizururi."

Alhamisi ya kwanza nikajaza sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu tablet ikaanza kunipendekezea sifuri kabla sijagusa.

Nikaripoti. Kikaitishwa kikao cha wadau Mpanda mjini, na projekta, na chapati. Watu wazima wakajadili kabati toka asubuhi mpaka chakula cha mchana. Ikaundwa kamati ndogo. Kamati ndogo ikaandika Mwongozo wa Kufungua Kabati, kurasa sita, ukachapwa kwa rangi, ukapigwa lamination usije ukaloa. Nikaupeleka mwenyewe.

Mfawidhi akausoma wote amesimama. Akaupenda sana. Akaona hiki ni kitu cha thamani.

Akaufungia kabatini.

Siku hiyo Sista Eda akaniita nyuma, kwenye tenki la maji. Sista Eda ndiye mkunga pale, yuko peke yake.

"Mdogo wangu, nikwambie kitu," akasema. "Mwaka jana, kabla nyie hamjaja, nilipokea mtoto hakulia. Mimi nilishafundishwa mjini siku mbili, nilikuwa najua. Ile siku kipira nilikishika nyuma mbele. Nikakigeuza, nikakigeuza tena. Basi."

Akatazama upande wa benchi la kliniki.

"Alikuwa mjukuu wa Bibi Kabula wa hapa kijijini. Kila kliniki anapita hapa kunisalimia. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Bora angenilaumu." Akafuta mikono kwenye gauni, ingawa mikono haikuwa imelowa. "Mwezi ujao nina wajawazito wanaofikisha siku zao. Mimi namtaka yule mdoli. Mwongozo kaeni nao."

Wakuu, nilirudi nyuma ya boda machozi yananitoka. Dereva akadhani ni vumbi, akanipa miwani yake.

Alhamisi iliyofuata nikamkuta Bibi Kabula ananisubiri getini. Ni mama wa Kisukuma, familia yao ilikuja huku na ng'ombe zamani. Ana fimbo, lakini hajawahi kuiegemea. Anawaelekezea watu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Yule mtoto uliyekuja naye yuko wapi?"

"Yuko kabatini."

"Kabatini anafanya nini?"

"Bibi, yule sio mtoto. Ni plastiki."

Akaniangalia kwa huruma. "Nimezaa tisa. Unafikiri plastiki siijui? Nimekuuliza, anaitwa nani?"

"Hana jina. Ana namba."

"Ndio maana. Cha namba kinafungiwa, mwenye jina anaulizwa." Akafikiri kidogo. "Alikuja kwa njia, basi ni Safari. Na baba yake ni wewe. Ulifika umelowa, kila mtu aliona."

Akaingia ofisini kwa Mfawidhi, mimi nyuma yake. "Tumekuja kumjulia hali Safari."

"Safari gani, Bibi?"

"Uliyemfungia."

Mfawidhi alifungua. Angefanyaje? Bibi Kabula akamgusa mdoli paji la uso, akasema wa baridi, akaondoka. Mfawidhi akafunga.

Kesho yake wakaja kina mama wawili kumjulia hali. Jumatatu wanne. Mmoja kamfumia kofia. Mwingine kaleta uji, ikabidi Mfawidhi aunywe yeye, maana huwezi kumrudisha mgeni na chombo kimejaa. Mwanakwaya mmoja akauliza kama Safari kabatizwa. Katekista akasema plastiki haibatizwi.

"Sawa," Bibi Kabula akamjibu, "ila kufungiwa kabatini inaruhusiwa?"

Katekista akageuka kumtazama Mfawidhi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kigango.

"Jamani, hiki ni kifaa," Mfawidhi akasema.

"Kifaa kina macho?" wakamuuliza.

Na kila aliyekuja, Mfawidhi kwa uaminifu wake alikuwa anaandika kwenye leja: Kimetoka. Kimerudi. Kimetoka. Kimerudi. Wiki ya pili leja ikaisha. Akavua ufunguo shingoni, akamchukua Safari, akamlaza kwenye meza ya chumba cha kujifungulia. Akaniambia, "Mwanao amenimalizia karatasi za serikali. Akae huko."

Kuanzia hapo kila siku ya kliniki Bibi Kabula anakaa kwenye kigoda mlangoni.

"Eda, mpe pumzi."

Sista Eda anabana kipira. Bibi anaangalia kifua cha Safari.

"Hakijapanda. Rudia."

Anarudia.

"Haya, amepumua. Tena."

Siku za mwanzo Sista alikuwa anakigeuza kipira mara mbili mbili kabla ya kukibana, maana anajua aliyekaa pale ni nani. Bibi Kabula hakuwahi kuitazama ile mikono. Alitazama kifua tu.

Sifuri zikaisha kwenye tablet. Dokta Neema akanipigia toka Dar, sauti ya wasiwasi, anauliza kama nimeanza kupika data. Nikamwambia fungua sehemu ya Sababu ya Mazoezi. Pale kuna ratiba, kuna agizo la msimamizi, kuna nyingine, eleza. Kila wiki nilikuwa nimeandika kwenye nyingine: Bibi yake amekuja.

Nikamsikia anabofya, anasoma. Halafu akasema, "Usibadilishe chochote. Sitaki mtu yeyote abadilishe chochote."

Kisha ikaja Alhamisi moja, mchana, mimi niko kwenye benchi najaza form.

Kuna dada alikuwa anajifungua ndani. Tulisikia amemaliza. Halafu hatukusikia kitu.

Mfawidhi akatoka mbio kwenda kwenye kabati, kwa mazoea tu. Akalifungua. Akaukuta Mwongozo. Akabaki ameushika.

Bibi Kabula alikuwa kwenye kigoda chake nje ya pazia. Akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, "Eda, mpe pumzi."

Kipira kikasikika kinabanwa.

"Kimepanda?"

"Hakijapanda, Bibi," Sista akajibu ndani.

"Rudia."

Wakuu, mimi ile dakika sijui niliipitisha wapi. Nakumbuka nilikuwa nimekamata kitambulisho changu kama kitanisaidia kitu.

"Kimepanda," Sista akasema. Na mtoto akalia, kilio kikavu kama cha mbuzi.

Bibi Kabula akasimama, akakung'uta kanga, akasema haya, akaenda zake nyumbani. Sista Eda tulimkuta amekaa sakafuni anaiangalia mikono yake. Mtoto ni wa kike. Watu walitaka aitwe Safari, Bibi akakataa. Akasema Safari yupo tayari.

Baada ya miezi kadhaa project ikaisha. Ikaja barua, vifaa vyote virudi Mpanda. Na mimi ndiye wa kukusanya, na bila kukabidhi kila kitu sipewi barua ya utumishi mwema, ile ambayo ningeombea chuo.

Nikaenda na begi jipya. Nikakuta kikao kimeshakaa, wazee, kina mama, na Mfawidhi katikati.

"Baba Safari karibu," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Tumesikia umemfuata mtoto. Hatukatai, damu ni yako. Ila mtoto aliyelelewa ujombani, baba akija kumchukua anatoa ng'ombe wa malezi."

"Wajomba zake ni akina nani?" nikauliza.

"Ulisema hana mama. Basi ni sisi wote."

Mfawidhi ndiye aliyeandika muhtasari. Mtu wa leja yule, na muhuri akagonga.

Ofisini Mpanda form ya vifaa ilikuwa na sababu tatu tu: kimepotea, kimeharibika, kimeibiwa. Nikaongeza kwa kalamu: kimezuiwa na wajomba. Mhasibu akatafuta fungu la ng'ombe, halipo. Kamati ndogo ikaitwa tena. Mwisho wakaandika kwamba kifaa kimekabidhiwa kijijini moja kwa moja. Dokta Neema, aliyekuja kufunga mradi, alisaini huku amevua miwani anajifuta macho, na barua yangu akaniandikia palepale.

Sasa hivi nimerudi kwenye simu zangu, narudia masomo ya sayansi, Biology naisomea chini ya meza. Alhamisi nikipata nauli naenda kumwona mwanangu.

Nilichojifunza ni hiki. Kitaalamu tulikuwa tumejipanga vizuri sana, lakini hakuna mtu kwenye kile kikao cha chapati aliyewahi kuuliza mdoli anaitwa nani. Aliyeuliza ni mtu aliyekuwa na sababu.

Sasa turudi kwa wakwe.

Rafiki zangu wananiambia kirahisi tu: waambie huna mtoto, yaishe. Nimejaribu hiyo sentensi mbele ya kioo. Mdomo unagoma. Nikampigia Bibi Kabula kuomba nimwazime Safari kwa hiyo Jumapili, wakwe wamwone kwa macho yao. Akasema haiwezekani, Safari yuko kazini. Wanaotaka kumwona waje wenyewe.

Nishaurini wakuu, niwaambie nini hawa wazee. Hata matusi nayapokea, ila mtoto msimguse.