Kwa nini mbilikimo haruhusiwi kuwa mage? Dada yangu aliyekuwa edani ameimaliza kesi hii

Wakuu wa bara na wa visiwani, nawaamkia kutoka Kismayu.

Wanaonijua humu wanajua mkono wangu ni mzito kwenye chumvi. Leo nimejitahidi. Mkiona mahali pamekolea ni mazoea tu, kisa chenyewe ni cha kweli, na dada yangu ameniruhusu kukileta.

Juzi kuna mtu aliuliza humu: kwenye game za fantasy, kwa nini kila race inafungiwa class zake? Kwa nini huyu awe mage na yule asiwe? Mkamjibu kitaalamu: balance, balance, balance.

Sikuchangia kwa sababu jibu langu ni refu. Ndio hili.

Dada yetu Mwanahawa alifiwa na mumewe Bakari, mtu wa kisiwa cha Fuma. Homa ya siku chache tu. Akarudi nyumbani kwetu kukaa eda.

Niwaeleze kidogo kuhusu Bakari. Alikuwa mfupi, wakuu. Akisimama kwenye safu msikitini, walio nyuma hudhani kuna pengo. Na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujicheka.

Tulisoma naye shule ya jioni, dawati moja. Hesabu zilizonitoa jasho la kujaza pipa, yeye alizimaliza huku ananinong'oneza utani. Mimi nikahitimu, cheti kiko ukutani, kikubwa kuliko dirisha. Yeye akahitimu kwa alama za kutisha, akaenda kuomba ukarani kwenye ofisi moja hapa mjini. Wakamuuliza kabila kabla ya kumuuliza jina. Aliposema Mbajuni, wakamwambia, "Nyinyi kazi yenu samaki."

Akarudi kwenye nyavu zake anacheka. Mwanahawa hakucheka.

Sasa, mjane wa eda anakaa ndani, na wanaume wanaoingia kwake ni mahram tu, yaani ndugu wasioweza kumwoa. Mwanzoni nyumba ilijaa wanawake. Kisha wakapungua, kila mtu na nyumba yake. Dada akabaki na ukuta. Ukimuuliza kama anataka chai, anasema ndiyo. Chai inapoa mbele yake.

Mdogo wetu Shee, fundi wa mashine za boti, ndiye aliyeleta dawa. Simuni mwake ana kitabu cha game ile ya kucheza kwa mdomo: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wahusika. Yeye msimuliaji, mimi na dada wachezaji. Baada ya alasiri, mkekani, chumbani kwa dada.

Mama akatoa masharti mlangoni. "Dadu haziingii nyumba hii. Na majini sitaki kuyasikia."

Basi tukatupa kauri za baharini badala ya dadu, na majini yote ya kitabuni tukayageuza majitu. Race Shee akaiita kabila, class akaiita kazi.

Mimi nikachukua elf, wale warefu wenye masikio ya ncha, nikamfanya mwizi. Nilikufa mara nyingi kuliko kuku wa sikukuu, kila mara naanza na elf mpya.

Dada akauliza kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu msiba: "Wafupi wapo?"

"Wapo. Mbilikimo."

"Nipe huyo. Awe mage, mwenye kufanya maajabu."

Shee akapekua simu. Huyu mtu hafungui hata kifuniko cha mashine bila kusoma maelezo. "Haiwezekani, dada. Mwili wa mbilikimo ni kama jiwe, maajabu hayashiki. Anaweza kuwa askari, au fundi chuma."

Dada akamtazama. "Kumbe hata huko wanauliza kabila kwanza ndipo wakupe kazi."

Akaweka kauri chini, akageukia ukuta.

Siku zikapita bila mchezo. Chai ikarudi kupoa. Mimi nilidhani tumempoteza kabisa.

Mama, yuleyule adui wa game, akamfuata Shee uani. "Waryaa Shee! Mpe mwenzio mchu wake mfupi!" Mchu ndiye mtu, kwa Kibajuni chetu.

"Mama, nikivunja sheria moja, kesho kaka atataka elf asiyekufa."

(Nilikuwa namtaka kweli.)

Dirisha likafunguka. Kumbe dada anatusikia. "Sitaki avunje kitu! Atakuwa mage wa kuonewa huruma. Bakari huruma ya mtu hakuitaka. Njooni hapa."

Tukaingia kama washtakiwa.

"Kitabu kinasema maajabu hayashiki kwenye mwili wake. Sawa. Kinasema hawezi kushika kamba?"

Shee akapekua juu, akapekua chini. "Hakisemi."

"Basi ana chazo."

Kwa wa bara: chazo ni samaki mwenye kinatio kichwani. Zamani wazee wetu walimfunga kamba mkiani, wakamwachia, akaenda kumganda kasa, wao wakavuta. Siku hizi hatuvui kasa hivyo, lakini Bakari alirithi ujuzi huo kwa babake, na kule Fuma alikuwa akimfuga chazo kwenye dimbwi la mwambani, kwa mapenzi tu.

"Bakari hakunata kwenye kitu kwa kichwa chake," dada akasema. "Alishika kamba."

Kwa hiyo mbilikimo wake akapata chazo wa kuogelea hewani. Maajabu yananata kwa samaki, yeye anavuta tu.

Shee akaisoma ile sheria upya, kidole kwenye kioo cha simu. Kisha akasema, "Aisee. Iko ndani ya sheria."

Jitu la pangoni likatutupia moto. Mimi nikafa, kama kawaida. Chazo akanata kwenye moto, mbilikimo akavuta kamba, jitu likabaki linapuliza vidole kama mpishi wa maandazi. Dada akacheka. Wakuu, alicheka wakasikia hadi Ras Kamboni! Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hajui acheke au alie.

Tukacheza hivyo mpaka eda ikaisha. Siku ya kutoka, ameshaoga, amevaa nguo mpya, wageni wanamsubiri nje, akatuita tumalize.

"Mbilikimo anafungua kamba," akasema. "Anamwacha chazo aende."

Shee akastuka. "Dada, bila chazo hana kazi tena. Atabaki nani?"

"Atabaki mbilikimo. Alinitosha hivyohivyo."

Akazikusanya kauri, akampa Mama, akatoka nje.

Nilichojifunza: balance naikubali. Kila mtu akose kitu, ndipo tutahitajiana. Lakini anayechora mpaka asidhani amemaliza kumjua mtu. Kuna mwenye kamba.

Wenye matoleo mapya, nasikia huko mipaka imeondolewa: mchezo umenoga au umechacha? Semeni, ila kwa adabu, dada anasoma. Na anayejua elf mwizi anafufuliwa vipi anisaidie. Shee amekataa, anasema kitabu hakisemi.