Ukurasa wa Mama Mkwe

Wanawake wa mtaa wetu hapa Chikongola, Mtwara mjini, wana kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kila msimu wa korosho ukikaribia wananijia barazani na swali lile lile: "Mzee karani, mwaka huu tutumie nini, daftari au bahasha?" Nilikuwa karani wa mizani karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo wananiona fundi. Nami nawajibu. Nawaambia daftari linamfaa mwenye subira, bahasha zinamfaa mwenye mkono mwepesi, kibubu kinamfaa asiyejiamini. Na hii simu ya mkononi iliyoingia juzijuzi na mambo yake ya kutumiana pesa inamfaa mwenye macho mazima. Wanacheka, wanakunywa chai yangu, wanaondoka. Wakishaondoka nyumba inanyamaza mpaka namsikia jirani akikuna nazi.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi mwenyewe nilichagua nini na kikanipa nini. Wangeuliza ningewaambia, wallahi, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Nilioa katikati ya miaka ya tisini. Kwenye ghala la korosho kazi yangu ilikuwa moja: magunia yakiingia napima na kuandika, yakitoka napima na kuandika. Ukutani juu ya meza yangu mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo niliyaamini vibaya sana. Basi nilipopata mke, kitu cha kwanza nilichonunua baada ya kitanda ni daftari la jalada gumu, nikachora mistari kwa rula: tarehe, kitu, kiasi, bei, baki. Mke wangu alilitazama, akalipima uzito mkononi, akaniuliza, "Na hili nalo linakula nini?"

Yeye alikuwa mtu wa Nanyamba na alikuwa na njia yake. Pesa ya wiki nikimpa aliifunga kwenye ncha za khanga moja kuukuu ambayo hakuivaa nje. Ncha ya kwanza ya chakula, ya pili ya sabuni na mafuta ya taa, ya tatu ya watu. Nikamuuliza watu gani hao? Akasema watu. Msiba wa jirani, mzazi wa kupelekewa uji, mtoto wa mtu anayetoka jandoni. Ncha ya nne ilikuwa tupu, na kilichobaki mwisho wa wiki kilihamia huko.

"Kwetu hatukulelewa kuhesabu pesa," aliniambia. "Tulihesabu maji." Kule kwao Nanyamba, juu, maji yalikuwa ya kufuatwa mbali, na ndoo moja ilikuwa na mgawo wake: ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadha, na kata moja ya mpita njia. Hiyo ya mpita njia haikuguswa hata kama nyumbani wana kiu.

Mimi mbishi, sikukubali. Nilimwambia fundo halisomeki, fundo halina tarehe, fundo haliwezi kukaguliwa. Akanijibu, "Kwani nani anakuja kutukagua, bwana wee?" Ukweli ambao sikuutia daftarini ni kwamba katika miaka mitatu hatukulala njaa hata siku moja, na hakuniomba nyongeza.

Kila mwisho wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, tulikaa kwenye mkeka nami nikafunga hesabu kwa sauti. Yeye alichambua mchele huku akiitikia "naam, naam" kama mtoto wa madrasa. Wakati mwingine alinitania: "Kiberiti umekiandika? Njiti je, zilikuwa ngapi?" Mtaani walishaanza kuniita mkono wa birika, lakini yeye alicheka tu. Nilipenda alasiri zile kuliko kitu chochote, na sikumwambia. Nilidhani anajua.

Kisha mama yake akaja kutibiwa jicho, akakaa kwetu siku saba. Alikuja na gunia la makopa, mihogo mikavu ya shamba lake mwenyewe, na kikapu cha korosho, na kuku wawili. Ninyi mnajua mkwe ni nani kwetu. Nikiingia uani alijitanda khanga usoni na kupita nyuma ya jiko. Hakula mbele yangu, hakukohoa mbele yangu. Siku saba zile sikuuona uso wake vizuri hata mara moja. Na mimi pia nilijua adabu zangu: nilikohoa nje kabla ya kuingia, na nilimsalimia kwa kutazama chini.

Lakini mwezi ule matumizi yalipanda, na karani akiona yamepanda hawezi kutulia mpaka apate sababu. Nikafungua ukurasa mpya. Juu nikaandika Mama Mkwe, nikapiga mstari chini yake, nikayashusha moja moja: unga, changu wawili, nazi nne, sukari robo, nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Kuku tuliowala na makopa tuliyoyasaga sikuyaandika. Yalikuja bure, hayakuwa na bei, na daftari langu halikuwa na mstari wa kitu kisicho na bei.

Mama alipokwisha kurudi kwake, alasiri ya kufunga mwezi nikamsomea mke wangu ukurasa ule. Tena nikatia na utani wangu, lo, mdomo huu! Nikasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Umemwandika mama?"

"Nimeandika matumizi."

"Mama umemwandika."

Akamaliza kuchambua mchele, akapika, akanipakulia. Kesho yake asubuhi akasema anakwenda kwao kusalimia. Nikampa nauli, na alipotoka nikaiandika.

Wiki tatu zilipita. Ebo, nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa kubwa namna hiyo tangu lini? Nilipika ugali, nikala nusu, nusu ikalala. Hesabu ilikuwa rahisi mno, mistari minne kwa siku, halafu kalamu inakosa kazi. Siku moja niliichukua khanga yake kuukuu nikajaribu njia yake, nikafunga ncha tatu vile vile alivyofunga. Ya chakula niliifungua, ya sabuni niliifungua. Ya watu haikufunguliwa. Sikujua msiba uko wapi wala nani amejifungua, maana habari zote za mtaa zilikuwa zikiingia kwa mlango wa uani, kwake. Mabakuli ya majirani yaliyokuwa yakija yamefunikwa kawa yalikoma. Mwanamume peke yake hapelekewi bakuli, watu wanaona haya. Nililia siku ile, sioni sababu ya kuficha, nikiwa nimeshika khanga yenye fundo moja.

Wiki ya nne dereva wa lori la korosho akanipa salamu ghalani: mjomba wa mke wangu ananiita Nanyamba, Ijumaa, baada ya sala. Kwao mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kunung'unika, lakini mjomba ndiye anayeoza na ndiye anayerudisha.

Niliwaza siku mbili nzima. Nikajiambia, watu hawa wamesikia kwamba mimi ni bahili. Watasema simlishi binti yao, simvishi. Mume anayeshitakiwa kwa matunzo anahitaji nini? Anahitaji ushahidi. Na katika Mtwara yote, ni mume gani mwenye ushahidi kama wangu? Nikalifunga daftari kwenye gazeti lisipate vumbi, nikapanda gari na furaha ya kijinga, furaha ya mtu anayekwenda kushinda kesi.

Walitandika mkeka nje ya nyumba. Nikampa mjomba shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha karibu yake kwa heshima. Mke wangu alikaa kwenye kizingiti cha mlango. Alikuwa amevaa khanga mpya, amepaka wanja. Mama yake alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyo adabu.

"Mkwe," mjomba akaanza, "mwenzako amekaa hapa mwezi sasa. Tukimuuliza, anasema mlipishana maneno tu. Maneno gani hayasemi. Hakuna baya alilokusema hapa, nakwambia kweli. Basi wewe una lipi?"

Jamani, alikuwa amenisitiri! Mwezi mzima amekaa na mama yake nyumba moja, wanatwanga pamoja, na hakumwambia. Mtu mwenye akili angesema, "Mjomba, sina neno, nimekuja kumchukua mwenzangu," na kabla jua halijatua tungekuwa Chikongola. Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua gazeti.

"Mjomba, mimi namtunza. Kila kitu kimo humu."

"Haya, soma tusikie."

Nikasoma. Khanga doti mbili za Idi. Viatu. Mchele, nyama, mafuta ya nazi, dawa alipougua homa. Mjomba alitikisa kichwa kwa kukubali, na mzee mwingine aliyekaa naye akasema, "Ala! Huyu mtu anaandika!" Sifa zikanipanda kichwani. Nikageuza kurasa mwezi baada ya mwezi, sauti ikinenepa. Nilimsikia mke wangu akisema taratibu, "Basi, inatosha." Nikadhani anaona haya kwa kusifiwa mumewe.

Nikageuza ukurasa mwingine, nikasoma kichwa chake kabla macho hayajaonya ulimi: "Mama Mkwe."

Hapo ningeweza kuruka. Ningekohoa, ningegeuza kurasa mbili kwa pamoja, nani angejua? Lakini miaka yote ghalani sikuruka mstari, na ulimi ulikuwa umeshaingia njiani. Unga. Changu wawili. Nazi nne. Sukari robo. Nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Jumla. Nikaisoma mpaka jumla.

Yule mzee mwingine akatazama miguu yake. Mjomba akauliza kwa upole, "Na gunia la makopa alilokuja nalo, limo ukurasa gani?"

Nikautazama tena ukurasa ule, mstari kwa mstari.

Pazia likafunguka. Mama mkwe wangu akatoka, akapita mbele ya wanaume, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, akapiga magoti mbele yangu. Uso haukufunikwa. Ndiyo mara ya kwanza nilipouona: uso wa mke wangu uliozeeka, na jicho la kushoto bado lilikuwa na weupe. Mkwe kumpigia magoti mkwewe wa kiume! Kwetu hilo halina jina. Akafungua fundo la khanga yake, akahesabu noti zilizokunjika na sarafu, akaomba nimtajie tena ile jumla. Nikaitaja. Akaongeza sarafu moja, akazisukuma mbele yangu.

"Nimelipa, baba," akasema. "Nifute humo."

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilikuwa na mikono miwili. Ningeweza kuirudisha ile pesa, ningeweza kulichana lile daftari mbele yao, ningeweza kumshika mama yule miguu. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni, ukatoa kalamu. Nikaandika pembeni mwa ukurasa: Imelipwa. Nikatia tarehe.

Nilifikiri namtii. Haki ya Mungu, nilifikiri mkubwa ameniomba jambo, nami nimelifanya.

Nilipoinua macho mke wangu alikuwa ameshasimama. Mlangoni, nyuma ya pale alipokuwa amekaa, palikuwa na furushi la nguo zake limefungwa kamba tayari, na juu yake kikapu cha makopa ya kuja nayo mjini. Akaondoa kikapu, akakiweka chini. Akaliinua furushi kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani. Kisha akarudi, akamwinua mama yake kwa kiwiko, wakaingia wote wawili.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa anaangalia barabarani.

"Gari la Mtwara linapita saa tisa," akasema. "Ukitembea upesi utaliwahi."

Nililiwahi.