Mate Yako Kwanza

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hushika mbavu kwa kicheko, ingawa siku yenyewe ilikaribia kuniliza. Nimesikia wewe na wenzako mnajiandaa kwenda shule za vijijini kuwafundisha watoto hiyo baiolojia sanisi, elimu ya kuandika upya maagizo yaliyomo ndani ya viumbe ili hata vijidudu vitutengenezee dawa. Jambo jema sana. Ila kaa kwanza umalize chai, maana njia hiyo niliipita kabla hujazaliwa, na niliipita nikaangukia pua.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia kwa kishindo. Mashirika ya umma yanauzwa, ajira za serikali zimesimama, na kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada yake ya baiolojia alikuwa na njia mbili tu: auze mitumba au ajiunge na asasi. Mama yangu, muuza nafaka wa Majengo, alitaka nikae naye sokoni niuze mtama. Mimi nikachagua asasi, kwa sababu asasi ilikuwa na Landrova. Tulikuwa wawili kazini, mimi na dereva wetu Mzee Idi, jirani yetu wa hapo hapo Majengo, mtu aliyechukia vumbi kuliko kitu chochote duniani, na Mwenyezi Mungu akampa riziki ya kuendesha gari Dodoma.

Jina la baiolojia sanisi sisi hatukulijua, lakini mlango wake ulikuwa umeshafunguliwa. Wataalamu walishachukua kipande cha maagizo ya mwanadamu, wakakipachika ndani ya kijidudu kisichoonekana kwa macho, na kijidudu kile kikaanza kutengeneza dawa ya kisukari. Niliona huo ni muujiza, na mpaka leo naona hivyo. Nilitaka kila mtoto wa bara hili kavu aujue.

Basi tukafika shule moja ya msingi pande za Mlali, huko Kongwa. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke kijana, Mwalimu Foibe, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Sauti ile ilikuwa na sababu. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza akina baba wawatoe wavulana kwenye ng'ombe, na akina mama wawatoe wasichana kwenye ndoo za maji, hadi darasa la saba likajaa. Mtihani ulikuwa unakaribia. Aliponipeleka darasani aliniambia polepole, "Kaka, hawa watoto nimewapata kwa shida. Usije ukaniharibia." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, yuko na mtaalamu. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu.

Somo lenyewe lilikwenda vizuri ajabu. Kila mtoto alipewa bilauri, akasukutua kwa maji ya chumvi, akayatema humo humo. Tukatia sabuni kidogo ya maji. Kisha nikatoa spiriti niliyoilaza kwenye kasha la barafu kutoka mjini, nikaimimina taratibu pembeni mwa kila bilauri. Mara nyuzi nyeupe zikaanza kupanda, laini, zinaelea. Hivyo ndivyo vinasaba, nikawaambia, humo ndimo yalimoandikwa maagizo yako yote. Msichana mmoja aitwaye Nyemo akainua bilauri yake dirishani, akaitazama weee, akasema, "Kumbe mimi ni mwembamba hivi." Nilipowaeleza habari ya kijidudu kinachotengeneza dawa, huyo huyo Nyemo akauliza kama kinaweza kufundishwa kuchota maji. Nikamwambia bado. Akaguna kwa masikitiko, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyefaa kazi.

Hapo ningesimama, nikaaga, nikaondoka na heshima yangu. Lakini asasi ilikuwa na wafadhili, na mfadhili anapenda ushahidi. Nikaandika jina la kila mtoto kwenye bilauri yake, nikafunika kwa nailoni, nikazipanga zote ndani ya kasha la barafu, nikalipakia kwenye gari nikawaonyeshe wakubwa mjini. Mzee Idi alilitazama lile kasha, akanitazama mimi. "Kijana," akasema, "mimi nabeba watu, nabeba mahindi, na maiti nimewahi kubeba. Mate ya watoto wa watu sibebi." Nikacheka, nikamwambia huo ni ushamba. Yeye akakaa kwenye usukani, akafunga mikono kifuani, na gari halikuwaka. Wakati tunavutana hivyo, watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani kula, na kila mmoja amebeba habari yake.

Wazazi walikuja bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Wakajipanga mbele ya gari, wanaume na wanawake, wengine na majembe kutoka shamba. Aliyetangulia alikuwa Mzee Chilongani, mkubwa wa ukoo wenye watoto wengi pale shuleni, na shuka lake begani na fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo, nikaongeza na mbukwa ya Kigogo niliyojifunza kwa ajili ya safari. Akaitikia vizuri, kwa adabu zote. Kisha akamwambia Mwalimu Foibe kwamba kuanzia kesho hakuna mtoto wa kijiji kile atakayekanyaga shule inayokusanya mate ya watoto na kuyapeleka kusikojulikana. Mwalimu Foibe alisimama pale anafuta chaki mikononi kwa gauni lake, na chaki ilikuwa imeshakwisha kitambo.

Niliuona uso wake, mwanangu, na bado sikuomba radhi. Badala yake nikajifanya niko jukwaani. Nikahutubia juu ya seli, juu ya vinasaba, juu ya maendeleo ya ulimwengu, nikatumia maneno ambayo hata mimi nilikuwa nayatamka mara ya kwanza nje ya chumba cha mtihani. Mwisho nikamalizia kwa kusema, "Wazee wangu, msihangaike. Mate ni uchafu tu, hayana kazi." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mzee Chilongani akauliza taratibu, "Ni uchafu?"

"Ndiyo, babu."

"Mbona umeuandikia majina na kuulaza kwenye barafu? Sisi hapa hata maziwa hatuyalazi kwenye barafu."

Watu wakacheka. Mzee Idi naye akacheka, nikamsikia. Mzee Chilongani hakucheka. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Kwetu, mjukuu wangu, mate hutoka kwa mzee yakaenda kwa mtoto. Namtemea kifuani, nambariki, anaondoka na baraka zangu. Mtoto hampi mgeni mate yake, mgeni akapanda gari akaenda nayo. Wewe umepindua mambo. Haya ya watoto yarudishe. Halafu tema ya kwako, uandike na jina, uniachie mimi."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mama yangu alinilea kwa kufukia kucha zangu, na nikitoka kwa kinyozi alikuwa akiniuliza nywele zimebaki wapi. Miaka yote ya chuo kikuu ilinitoka pale pale nikabaki mtoto wa Majengo. Nikashika bilauri, nikaiinamia, nikajaribu kutema. Mdomo umekauka. Nikajaribu tena, hakuna kitu. Umati mzima unamtazama msomi aliyeishiwa mate. Mwishowe mama mmoja akanihurumia, akafungua pindo la kanga yake akanipa ubuyu. Ubuyu ule ulikuwa mchachu mpaka macho yakatoa machozi, na mate yakaja.

Nyemo akaichukua ile bilauri kabla sijafikiri la kufanya. Akatia chumvi, akatia sabuni, akaomba spiriti, akaimimina pembeni taratibu kuliko nilivyomimina mimi, huku akiwaeleza wazazi kwa Kigogo nini kinatokea. Nyuzi zikapanda. Mzee Chilongani akainama akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye yeye?" akauliza.

"Ndiye, babu," Nyemo akamjibu.

"Na maneno yote yale yalitoka humu?"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarudisha nyuma hata mbuzi waliokuwa wanapita. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu waje. Nyemo akawaeleza na habari ya dawa ya kisukari. Ndipo mama yule wa ubuyu akaniuliza kama huyo mtu ambaye uzi wake ulikatwa ukapachikwa kwenye kijidudu aliombwa ruhusa. Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, nadhani ndilo jibu langu la kwanza alilolipenda.

Tukarudisha bilauri zote, kila mtoto na yake, na kila mzazi akaenda kumwaga nyumbani kwake. Ya kwangu niliiandika jina nikaifunika kwa nailoni, na Mzee Chilongani akaifunga kwenye shuka lake. "Watoto kesho waje shule," akawaambia wenzake. "Huyu nimemshika mimi." Mwalimu Foibe akashusha pumzi. Aliniaga kwa neno moja tu, kwamba safari nyingine nianze na wazazi.

Unadhani yaliishia hapo? Nilikaa miezi bila raha. Kichwa kikiuma, nawaza bilauri. Nikikohoa ndani ya gari, Mzee Idi anasema, "Kongwa hiyo," kisha anabadilisha gia. Mama naye alifoka kwamba mimi ni msomi gani wa kuacha mate yangu ugenini. Kila aliyekwenda upande ule nilimpa salamu, eti nawaulizia watoto, kumbe naulizia mate.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, nikafunga safari na sukari na majani ya chai. Darasa la Mwalimu Foibe lilikuwa limefanya mtihani lote, na Nyemo amechaguliwa kwenda sekondari. Nikaenda kwa Mzee Chilongani, tukasalimiana, tukazungumza mvua na ng'ombe, mpaka nikashindwa kuvumilia nikaiulizia bilauri yangu. Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Ile? Niliimwaga jioni ile ile. Bilauri nzuri kama hiyo unaiwekeaje mate?" Akaniletea chai ndani yake. Nikainywa, ningefanyaje?

Mzee akaniambia, "Mate yako sikuwa na kazi nayo, mjukuu wangu. Nilitaka ujue inakuwaje kumwachia mtu."

Basi, mwanangu, neno langu ni hilo. Utakapofika kijijini usiende darasani moja kwa moja, kaa na wazazi, ule chakula chao, uulizwe maswali yao mpaka yaishe, na usilolijua sema hulijui. Kitu utakachotaka mtoto wa mtu akitoe mwilini mwake, kitoe kwanza wewe, mama yake akiona, na ukiache hapo hapo. Wala usimwambie mtu kwamba kitu chake hakina thamani huku unakifunga vizuri uondoke nacho. Sisi tuliutazama uzi tu, tukaanza kujiona. Nyinyi mnauandika, kwa hiyo adabu yenu na izidi yetu. Muungwana ni kitendo.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kuomba na mzito wa kujisifu. Akupe watoto wasiochoka kuuliza, na ukikosea, akupe wazazi wa kukusimamisha barabarani kabla hujafika mbali.