Bastola Tuliyoichagua na Rwegasira

Tarehe kumi na nne Juni, mwaka 1966, nilimpoteza Rwegasira. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, nyumbani kwake, upande wa Rubya. Nakuambia hili kwanza ili ujue kwamba nilimzika. Jembe nililishika mwenyewe. Ukifika huko mbele ukaanza kudhani kwamba labda hakuwa amekufa sawasawa, rudi hapa usome tena. Mimi sina elimu ya kutunga. Naandika kilichonitokea.

Rwegasira alikuwa omunywani wangu. Kwa asiyejua mambo ya kwetu: tulipokuwa vijana tulipasua tunda moja la kahawa, zile punje zake mbili kila mmoja akaipaka yake damu yake, tukabadilishana, tukameza. Baada ya hapo mtu huyo ni zaidi ya ndugu. Akikusaliti, ile punje humvimbia tumboni. Yeye alikuwa mcheshi na mbishi, alipigana vita vya Burma akarudi mzima. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Tulifaana.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua Bukoba fedha za wakulima wa chama chetu cha ushirika na kuzileta kijijini. Basi lilinishusha Muleba. Kutoka hapo nilitembea kwa miguu, na njia inapita rweya, yale majani matupu yaliyo kati ya kijiji na kijiji, hakuna nyumba wala mgomba. Miaka yote Rwegasira alikuja kunipokea Muleba na mkuki wake, tukavuka pamoja. Alipokufa, msimu wa kahawa ulikuwa umeshaanza. Na mwezi uleule mchuuzi mmoja wa ng'ombe alivamiwa palepale rweya, akavunjwa mkono.

Nikamwambia mwenyekiti wa chama kwamba sitaweza tena. Alikuwa mtu mpole. Akasema, "Ukiacha wewe, nani? Wazee hawa watakwenda Bukoba mmojammoja kudai kahawa yao?" Kisha akapata wazo. Chama kitaomba kibali bomani, ninunue bastola. "Ila iwe ya bei nafuu," akasema, "na ifichike. Mtu akijua una bastola, amejua una fedha."

Kibali kilipotoka nikaenda mjini. Kulikuwa na mzee wa Kihindi aliyeuza nyavu, taa za chemli na baruti, na nyuma ya duka aliweka silaha chache zilizotumika. Akanitandikia bastola tatu juu ya gunia. Moja kubwa, nyeusi, ya jeshi, yenye gurudumu la risasi sita. Moja ndogo kabisa, bapa, ya kung'aa, mpini mweupe kama jino. Ya tatu ilikuwa ya kati, ya gurudumu pia, ya risasi tano, rangi imechunika.

Sasa nitachaguaje? Sikuwahi kushika kitu cha namna ile. Nilikuwa nimevaa kanzu na koti juu yake, kama wanaume wa kwetu tunavyokwenda mjini. Nikaona kubwa ndiyo yenye maana. Nikainua kanzu, nikaichomeka kwenye mkanda wa suruali, nikashusha kanzu. Nikajitazama. Haikuonekana sana. Nikaridhika.

"Na mwizi atakungoja uinue kanzu mpaka kifuani, waitu?" mtu akasema nyuma yangu, akiniita "mwenzetu" kwa lugha ya kwetu.

Nikageuka. Alikuwa Rwegasira.

Utasema nilipiga kelele. Sikupiga. Niamini hapa, maana hapa ndipo watu hunikatalia. Nilimwona, nikamjua, nikafurahi kama unavyofurahi mwenzako aliyechelewa akifika. Kwamba amekufa halikunijia kabisa. Hujawahi kuota unakula na marehemu wako, na humo ndotoni hukumbuki? Ilikuwa vilevile, ila mimi nilikuwa macho, dukani, jua linawaka nje.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Nimefika. Hebu tembea na hilo jiwe lako."

Nikatembea. Kwa uzito wake ile bastola ilivuta suruali upande mmoja, ikawa inanipiga pajani kila hatua.

"Unatembea kama bata aliyeumwa na mbwa," akasema Rwegasira. "Sasa kaa."

Nikakaa kwenye debe. Mdomo wa bastola ukanichoma kinenani, nikaruka. Mzee wa duka akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, usicheke, unamuuzia ndugu yangu ugonjwa," Rwegasira akamwambia. "Kitu cha kubeba kila siku lazima ukae nacho, uiname nacho, upande nacho basi. Hili ataliacha nyumbani wiki ya pili, na mwizi hatamfuata nyumbani."

Nikaitamani ile ndogo nyeupe. Ilikuwa rahisi kuliko zote, na iliingia mfukoni kama kiberiti. Rwegasira akaiinua, akahakikisha haina kitu ndani, akaielekeza sakafuni, akavuta. Ikalia kidogo kama mtu anayetafuna mchanga. Akavuta tena, ikagoma.

"Springi imechoka," akasema. "Na risasi zake mzee anazo ngapi?"

Mzee akakuna shavu. "Za hiyo ni shida, bwana. Sema ukweli, sijaziona tangu mwaka juzi."

"Ulitaka kumwambia lini?"

"Angeuliza, ningemwambia."

"Huyu haulizi. Ndiyo sababu nimekuja."

Maneno hayo niliyasikia yakapita. Siku nyingi baadaye ndipo yalipokaa sawa moyoni.

Ikabaki ile ya kati. Rwegasira akaomba kitambaa, akaifuta, akalizungusha gurudumu lake, akasikiliza kwa sikio kama anavyofanya fundi wa saa. Akanionyesha nyundo yake, kile chuma kinachogonga risasi: ilikuwa fupi, ya mviringo, isiyonasa kwenye nguo. Akaniambia niache tundu moja tupu, lile la chini ya nyundo, ili nikianguka isijifyatue. Tukajaribu mfuko wa ndani wa koti, ikavimba. Tukajaribu mfuko wa suruali, mkono ukipita kwenye mpasuo wa kanzu ubavuni. Ikakaa. Nikakaa kwenye debe, nikainama, nikaingiza mkono, ikatoka bila kunasa.

"Mbaya wa sura," nikasema.

"Unamwoa? Lipa twende."

Tukatoka pamoja kwenda Hamugembe, pembeni mwa mji, kwa shangazi yangu, ambako nilikuwa nalala nikisubiri basi la asubuhi. Njiani alinichapa mkono mara tatu kwa sababu nilikuwa napapasa mfuko. "Ukiugusa hivyo umewatangazia wote," akasema. "Sahau kwamba unayo. Mkono ukae na kazi yake." Akawa ananiigiza, anapapasa kiuno chake na kutazama huku na huku kama mwizi wa kuku, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu Juni sikuwa nimecheka. Nilijua kwamba sijacheka siku nyingi, lakini sikujua kwa nini. Je, hilo si la ajabu kuliko yote?

Jua lilikuwa linashuka tulipofika penye migomba ya shangazi. Nikatoa kahawa yangu ya kutafuna, iliyofungwa kwenye gome la mgomba, nikampa kama nilivyompa maisha yote. Akachukua moja, akaitia mdomoni. Tukasimama. Mimi nikatafuna yangu. Yeye akaizungusha mdomoni, huku na huku, kisha akaitoa, akaiweka kiganjani.

Ilikuwa kavu. Kavu kabisa, na vumbi lake juu, kama ilivyotoka kwenye gome.

"Sina mate, waitu," akasema, kwa aibu kidogo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikumbuka jembe, udongo mwekundu, na mkewe Mama Koku amekaa chini kichwa kimefungwa gome la mgomba kwa msiba. Nikasema, "Rwegasira, sisi tulikuzika."

"Mlinizika vizuri," akasema. "Ila Muleba siwezi kukupokea tena. Nikaona nikufikishe hapa." Akanirudishia ile kahawa. Kisha akatazama mfuko wangu. "Mkono," akasema, maana nilikuwa nimeanza kupapasa tena. Nikautoa. Akaingia kati ya migomba, na majani hayakutikisika.

Asubuhi, kabla ya basi, nilirudi dukani. Nilitaka kujua kama nimerukwa na akili. Nikamuuliza mzee jana niliingia na nani.

"Na yule rafiki yako mbishi," akasema. "Mwambie arudishe kitambaa changu."

Nikaingiza mkono kwenye mpasuo wa kanzu. Bastola ilikuwa imeviringishwa kitambaa cha mafuta. Sikumbuki kuiviringisha. Siapi kwamba si mimi. Nasema tu sikumbuki. Nikamrudishia mzee kitambaa chake.

Tangu wakati ule siwezi kula kahawa kabla mgeni wangu hajatafuna yake. Wajukuu wananicheka. Lakini nawe nikuambie: ukiwa Hamugembe jioni, au popote, akatokea mtu anayekujua kuliko unavyojijua, mkaribishe kahawa na umtazame mdomo. Kama hatafuni, usikimbie, na usimuulize maswali mengi. Usifanye kosa langu la kumwambia kwamba mlimzika. Nisingesema, pengine Rwegasira angekaa kidogo.

Nilipofika kijijini nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Koku. Alikuwa uani anamenya ndizi. Nikamweleza yote, kuanzia bata hadi kahawa kavu. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza akaitupa ndizi aliyoishika kwenye sufuria, kisu kikiwa bado mkononi.

"Shemeji," akasema, "aliniulizia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, na nani angejua? Lakini nilimtazama, nikashindwa.

"Hakukuulizia, Mama Koku. Si wewe wala watoto."

Akaweka kisu chini. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, na mtoto akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Basi ni yeye," akasema. "Miaka yote hiyo, akishakutana na wewe, hajawahi kukumbuka kwamba ana mke. Ni yeye kabisa."

Akanipa kisu cha pili, nikakaa nikamsaidia kumenya. Wiki iliyofuata nilishuka Muleba na mfuko wa fedha za wakulima. Nikatazama barabarani pale alipokuwa akinisubiri. Kisha nikashika njia ya rweya, mikono yote miwili nje, nikavuka.