Kitabu Yenye Nilifungia Karanga

Wifi yangu Pulchérie, dada mukubwa ya bwana yangu, iko muntu ya vitabu. Mi niko muntu ya karanga. Nakaanga, nafunga mu makaratasi, nauzisha pale bamotari banasimama na pikipiki zao, hapa muji ya Baraka. Tunaishi parsele moja, lakini kumuelewa ule mwanamuke, bado.

Kiangazi hii, kila asubui alikuwa anashuka mutoni na bidon, ananyeshea lengalenga na vitunguu yake. Akimaliza, anakaa palepale juu ya bidon, miguu mu matope, anasoma. Jua inapanda, ye anasoma! Bamama banafika kununua lengalenga, anabaambia, "Ngojeni kidogo, nimalize hii ukurasa." Ngojeni! Siku moja nilikasirika, nikamuuliza kama kitabu itamupikia ugali. Akacheka tu.

Lakini ile shamba njo inatulisha sisi bote tangia bwana yangu alikufa. Hapo sibishane. Na njo ile shamba Wilfried, jirani yake kule mutoni, alikuja kudai. Eti baba yake aliazimisha tu, hakuuzisha. Chef akasema: siku ya tano ya juma, saa tatu, mwenye iko na karatasi ailete. Pulchérie hakutetemeka. Karatasi iko, na cachet ya muhuri, na sinyatire ya baba ya Wilfried mwenyewe.

Siku ya ine muchana akavuta carton ya vitabu chini ya kitanda. Akatafuta, akatafuta tena, kisha akaniita.

"Mama Élie! Kitabu ya mwanamuke mwenye kujenga daraja iko wapi? Ile haina ganda?"

Nikamuuliza: "Unaitafuta ya nini, dada?"

"Karatasi ya shamba iko ndani."

Wewe! Nani anaweka karatasi ya shamba ndani ya hadithi? Akanieleza: kila mara tulikimbia vita, bezi balibeba sufuria, godoro, hata mulango. Vitabu tulirudi tukakuta palepale. Basi akaficha mali yake mahali mwizi haangalii.

Na kweli mwizi hakugusa. Mi njo niligusa. Makaratasi yangu iliisha, nikaona kitabu haina ganda, nikasema hii imekufa. Nikairarua wiki muzima mpaka ikaisha, karatasi mbili-mbili ili mafuta isipenye. Hata sikuangalia katikati.

Nilipiga magoti, nikamuambia ukweli. Hakunitukana. Heri angenitukana! Alisema tu, "Basi kesho tumekwisha."

Nikakimbia ku bamotari. Banacheka: "Mama, karatasi ya karanga? Tulitupa!" Nikainama mu vumbi, naokota uchafu mbele ya bantu bote, machozi inatoka. Aibu yote ilinitoka. Mwishowe Guy, motari moja wa roho nzuri, akashuka ku pikipiki yake.

"Uliza Concilie, ule mama mukimbizi wa Burundi. Anaokotaka makaratasi yako. Hata yangu aliniomba."

Concilie! Kiliya yangu, munuzi wa kila siku! Nilikuwa najivuna naye: "Muone, anatoka kambi ya Mulongwe mpaka hapa sababu ya karanga yangu!"

Siku ya tano, jua bado haijapanda, Guy akanipeleka Mulongwe. Concilie alikuwa anafagia. Kuniona tu, akaangusha fagio.

"Mama, sikuiba," alisema, hata sijafungua kinywa.

Akainua mukeka. Chini yake kurasa za kitabu, amezinyoosha moja moja, amezipanga kwa namba. Na juu yake karatasi imekunjwa mara ine, cachet inaonekana.

"Niliikuta ndani ya karanga ya siku ya pili," akasema. "Niliogopa. Nani ataamini mukimbizi na karatasi ya shamba ya benyewe? Lakini kuitupa nilishindwa. Yangu iliungua na nyumba, kule kwetu."

"Na karanga, mama? Ulikuwa unaipenda?"

Akaangalia chini. "Inanisumbua tumbo. Nilikuwa nagawia batoto ya jirani. Nilikuwa nafuata hadithi."

Ee Mungu wangu, ile majivuno yangu yote!

Tulipofika kwa chef, sisi batatu juu ya pikipiki moja, Wilfried alikuwa ameshasema maneno yake yote, na Pulchérie amekaa, mikono mitupu. Chef akafungua karatasi. Mafuta imeingia, lakini maandiko inasomeka. Akamuonyesha Wilfried.

"Hii ni mukono ya nani?"

Wilfried akaishika, akaisogeza ku macho. "Ya papa yangu," akasema.

Ikaishia pale. Pulchérie akakaa chini, mbele ya bakubwa, akalia kama mutoto.

Inje akamushika Concilie mikono. "Kuanzia leo, matuta tatu za upande wa muto ni zako. Sema kingine chenye unataka."

Concilie alikubali kwa mikono mbili, kisha akaniangalia mi. "Ukurasa ya mwisho. Kila siku nilikuja, siipate. Sijui kama daraja ilisimama."

Mi nilijua iko wapi. Nilikuwa nimefungia chumvi. Nikaenda nyumbani, Pulchérie na Concilie banafuata nyuma. Nikamwaga chumvi mu sahani, nikanyoosha ile karatasi juu ya goti ili nibapelekee, macho ikaanguka ku mustari wa kwanza. Nikasimama palepale mulangoni.

"Mama Élie," Pulchérie akaita ku kiwanja, "ulete basi!"

"Ngojeni kidogo," nikabaambia, "nimalize hii ukurasa."