Mama Funga na Tovuti Isiyomwacha Mtu Nje

Kwa mambo ya tovuti, mwandishi wenu hahitaji mwalimu. Tovuti anaijenga chai ikiwa bado inafuka mvuke, na kikombe anakiosha mwenyewe. Hilo lifahamike kabla hatujaingia dukani kwa watu.

Saa nane mchana. Duka la fotokopi lina upana wa mlango mmoja na nusu. Mashine inanguruma na kutema karatasi za moto. Kwenye kaunta, kompyuta kuukuu imewekewa feni ya mezani ili isizimie kwa joto. Mwenye duka anapokea kitambulisho cha mteja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unaandika.

"Mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma, mama."

"Na mlango je? Vumbi linaingia kwenye mashine. Ukifungua, funga!"

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Funga. Anafunga milango, vifuniko vya gundi na midomo ya wadaku. Kwenye tovuti ni vilevile. Ukurasa huandikwa kwa alama, na karibu kila alama inayofunguliwa sharti ifungwe, la sivyo ukurasa unakwenda upogo.

Tovuti yenyewe ni ya programu huria ya kuandika na kupanga nyaraka, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, kuichungulia ndani na kuirekebisha. Walioitengeneza wametawanyika katika nchi kadhaa. Wanaotunza tovuti ni sita, wote wa kujitolea, na Mama Funga ndiye mkongwe wao. Mwaka wa saba sasa anaifanya kazi hiyo kati ya mteja na mteja.

"Nilianza kwa hasira," anasema. "Ukurasa wa msaada uligoma kufunguka kwenye simu yangu ya zamani. Nikawaandikia maneno makali. Wakanijibu, 'Karibu, rekebisha.' Nikasema kumbe mnanitania? Nitarekebisha mpaka mnikome!"

"Na unapata nini?"

"Hilo ndilo swali la dada yangu. Namwambia napata usumbufu, tena bando la kusumbukia nanunua mwenyewe."

Kwenye benchi anacheka mwalimu wa chekechea, anayesubiri vyeti vya watoto wake vifunikwe plastiki. Kicheko hicho kinampa kichwa mwandishi wenu. Amempiga Mama Funga picha ya gazeti, basi anaomba kuiweka yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa "Sisi ni nani". Habari za chai na mvuke anazirudia kwa sauti, benchi zima lisikie.

Mama Funga anampisha kiti. Mwandishi wenu anaandika, anajinyoosha mgongo, anasema tayari. Mama Funga anaupitisha ukurasa kwenye kikaguzi, programu inayolinganisha kila ukurasa na kanuni walizokubaliana wajenzi wa tovuti duniani. Skrini inawaka nyekundu juu hadi chini.

"Chai imepoa, mwanangu?" anauliza. "Alama umezifungua ukaziacha kama banda la kuku lisilo na mwenyewe."

Moja baada ya nyingine, zinafungwa. Unabaki mstari mmoja mwekundu. Picha haina maelezo, yale maneno ambayo programu ya kusoma kwa sauti humtamkia mtu asiyeona. Mwandishi wenu anagonga maneno mawili. Wekundu unatoweka. Kumbe rahisi.

Lakini leo si siku ya mzaha. Kampuni iliyokuwa ikiihifadhi tovuti hiyo bure kwenye mitambo yake imetoa sharti: mpokee sura mpya tuliyowatengenezea, au mhame mwisho wa mwezi. Saa tisa Mama Funga na wenzake watano wanakutana kwa video kupiga kura.

Kijana wa kampuni anaionyesha sura mpya. Picha zinateleza, vitufe vinameremeta, rangi zinabadilika kama harusini. Mwandishi wenu anakiri alishangilia. Wawili kati ya sita wanasema wazi kwamba ni nzuri, na kuhama ni balaa.

"Nzuri," anasema Mama Funga. "Sasa shemeji yangu aifungue."

Shemeji, mdogo wa mumewe, ni mpokea simu wa hospitali. Haoni tangu utotoni. Ni mmoja wa wale sita, na tovuti anaikagua kwa masikio, sauti ikienda mbio kama redio iliyomeza pilipili. Leo anaipunguza mwendo ili wote wasikie.

"Kitufe," inasema sauti ya kompyuta. "Kitufe. Picha. Kitufe. Kitufe."

Shemeji anaizima sauti.

"Bwana mdogo," anasema Shemeji, "nyumba yako ina milango mingi, hongera. Ila hujaniambia jikoni ni wapi na chooni ni wapi. Mgeni ataaibika."

Watu wanacheka. Kijana hacheki. "Kwa heshima zote, mzee, watu wa hali yako ni wachache. Na hizo simu za zamani zinakwisha."

Mama Funga anaizima feni ili asikike.

"Wachache ndio sisi tunaoifanya kazi hii. Mimi ndiye mwenye simu ya zamani. Huyu ndiye asiyeona. Miaka saba hii tunafagia hapa, leo unatuletea mlango mpya na kutuambia tubaki nje tuushangae? Chukua mitambo yako, baba. Kurasa zetu tunaondoka nazo."

Kura zinapigwa. Kuhama, tano. Kubaki, moja. Kijana anaaga kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo anawakumbusha mwisho wa mwezi.

Hivyo tovuti haina nyumba. Mwandishi wenu anauliza itaishi wapi. Mama Funga anaigonga mgongoni ile kompyuta kuukuu.

"Hapa. Kurasa zetu nyepesi, hazina makorokoro, hata ajuza huyu anazibeba. Wenzangu wawili wataweka nakala kwao, umeme ukikatika kwangu zitafunguka za kwao. Waje waone kama tumekufa."

Mpango upo, basi. Mwandishi wenu alikuwa anafunga mkoba wake simu ilipoita. Ni Shemeji, na Mama Funga akaongeza sauti.

"Mwandishi bado yupo? Naukagua ukurasa wa 'Sisi ni nani'. Nimefika kwenye picha, naambiwa 'Picha nzuri.' Sasa, nzuri ya nini? Ya ng'ombe?"

"Itakuwa hitilafu ya mtandao," alisema mwandishi wenu.

"Hitilafu!" alidakia mwalimu wa chekechea kutoka kwenye benchi. "Nilimwona kwa macho yangu akiandika, tena akapiga mluzi."

Mama Funga alikisukuma kiti kwa mguu. Mwandishi wenu akakaa, akaandika upya, akisoma kwa sauti: "Mama Funga, amesimama mbele ya mashine ya fotokopi, mkono kiunoni, anatabasamu."

Mwalimu akainuka, akaja kuchungulia skrini juu ya bega lake.

"Anatabasamu wapi hapo?"