Mrija Wangu Chunguni

Nilitoka Voi kwa treni ya daraja la tatu, nikabadili Nairobi, nikasinzia nimekaa hadi Eldoret, mashine yangu ya taipu nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Nilikuwa nakwenda Jinja. Huko nilikuwa karani wa kiwanda cha pamba nikiwa kijana, na riwaya niliyokuwa nimeianza ilikuwa ya mji ule. Nilitaka kuuona tena ndipo niimalize. Malaba treni ikasimama. Askari akapita akituambia mpaka umefungwa.

"Utafunguliwa lini, afande?"

"Waulize wa ng'ambo."

Nikapanga chumba kwa mzee mmoja Mteso, bomani kwake kwenye njia ya Angurai, nikisema ni kwa wiki moja tu. Mpaka ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Waliovuka walirudi bila saa, bila baiskeli. Mashine ya taipu isingefika hata nusu ya daraja la mpakani. Basi nikaamua kuiandika Jinja palepale, kwa kukumbuka.

Asubuhi niliweka meza mlangoni, penye mwanga. Utepe ukikauka niliupaka mafuta. Karatasi nilizitundika juu kwa kamba, maana mchwa wa pale hawasazi kitu kilicholala chini. Mlio wa mashine ulifika hadi barabarani, na watu wa pale waliujua kwa kazi moja tu, ya mahakamani.

"Boss, unashtaki nani?" jirani aliniuliza.

"Simshtaki mtu. Naandika hadithi. Watu wa kubuni."

"Na hawa wa kweli wanakufa hapa, wameisha?"

Haukupita muda, mama yake akafariki. Akaniomba nimwandikie historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla jeneza halijashushwa. Niliandika kurasa mbili, na watu wakalia pale nilipotaka walie. Tangu siku hiyo sikuwa na asubuhi yangu. Walikuja kutoka Angurai, wakaja kutoka Burumba kule Busia, wakakaa kwenye benchi kusubiri, na mtu aliyefiwa humwambii arudi kesho. "Usitaje mke wa kwanza." "Mtaje, lakini aonekane alikuwa mgonjwa." Jioni nilipoirudia riwaya, nilikuta watu wangu wa Jinja nao wamekuwa kama marehemu: wote wapole, wote wacha Mungu.

Nikaamua nirudi Voi kwa dada yangu, ambako hakuna aliyejua kwamba naandika, nikaimalize huko.

Kabla sijaaga, mzee akanipa mrija. Kwake pombe ya wimbi ilinywewa katika chungu kimoja kwa mirija mirefu, kila mtu na kiti chake, na aliyepewa mrija wake mwenyewe hakuwa mgeni tena. Haondoki moja kwa moja mpaka mwenye nyumba auchomoe mrija huo kwa mkono wake. Mimi nilidhani ni heshima tu.

"Sasa, mwalimu," akasema, "andika yangu. Nataka niisikie nikiwa na masikio."

Nilifurahi. Hii ndiyo ya mwisho, nikajiambia. Jumapili nikamsomea mbele ya wenzake, chungu katikati yetu.

"Umenimaliza kwa kurasa nne?" akasema. "Na ng'ombe wa Tororo je?"

"Hao ng'ombe si walikuwa wa shemeji yako?" mwenzake akadakia, na wazee wakacheka hadi mirija ikatikisika.

Nikawaongeza ng'ombe. Jumapili iliyofuata yakaja mafuriko, kisha nzige, kisha binamu aliyemnyang'anya mchumba. Kila nilipoomba ruhusa, alitazama chunguni. "Mrija wako bado umo." Wimbi likavunwa, likapandwa, likavunwa tena. Malori yalipita kila siku, ningeweza kudandia. Lakini nilikuwa nimekula kwake, na mtu aliyewaandikia watu wafu wao hatoroki kama mwizi wa kuku. Riwaya ilikuwa imekwama pale mhusika wangu alipo kituoni Jinja, tiketi mkononi, treni haiji.

Aliyenifungua macho ni mke wa mzee. Alinikuta mezani nimeinamisha kichwa juu ya mashine.

"Mwalimu, ndugu zake wote walizikwa wakiwa na umri huu wake," akasema. "Yeye anaona historia isipoisha, hakuna ya kusoma. Na bila ya kusoma, hawezi kuzikwa."

Kumbe kila Jumapili nilikuwa nikimharakisha kaburini, naye akinisukuma nyuma kwa ng'ombe na nzige.

Jumapili hiyo sikusoma. Nikamwambia, "Mzee, yako siwezi kuimaliza. Nitaondoka nayo hivi hivi, imefika katikati. Hakuna nakala nyingine."

Alinyonya mrija wake.

"Unaipeleka wapi?"

"Voi."

"Voi ni mbali kupita Nairobi?"

"Mbali zaidi."

"Na huko hautaongeza kitu?"

"Hata neno."

Akainuka, akauchomoa mrija wangu, akaupangusa kwa shati lake, akanikabidhi.

Kesho yake nikapanda lori la mahindi, mashine miguuni, historia ya mzee begini, mrija ukichungulia dirishani kwa urefu wake. Mzee alisimama kando ya barabara, hakunipungia mkono. Alikuwa anaangalia begi langu.